Watawala wa Kwanza wa Polandi: Dola Iliyojengwa, Ikavunjika, Ikainuliwa Tena

   Kama mko katika kikundi, mmoja wenu na asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mzungumze. Mwishoni mtakuta maswali matatu ya kujadiliana.

Leo twaenda mbali, mpaka Ulaya ya kati, katika nchi iitwayo Polandi, nasi twarudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja. Najua yuko mtu atakayeuliza: Wapolandi na mimi tuna nini? Basi nimjibu huyo kwanza.

Ukitoka Arusha kwa njia ya Moshi utafika Tengeru, na huko Tengeru yako makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki wakiwa wakimbizi. Kambi ya Tengeru peke yake ilipata kuwa na watu wapatao 5,000. Nchi yao ilikuwa imetwaliwa na majirani wenye nguvu mwaka 1939. Tena hiyo haikuwa mara ya kwanza, maana tangu mwaka 1795 mpaka mwaka 1918 dola huru ya Polandi haikuwako katika ramani. Hata hivyo, pale kambini walijenga kanisa, wakafungua shule, wakawafundisha watoto lugha yao na historia yao.

Mtu akiyaona hayo hana budi kuuliza: dola ikivunjika, kinabaki nini? Kwa Wapolandi swali hili ni la tangu mwanzo kabisa, kwa sababu dola yao ya kwanza ilivunjika baada ya miaka kama mia moja tu. Somo letu la leo ni habari za dola hiyo. Tutaona ilivyojengwa, ilivyovunjika, na kilichobaki hata ikaweza kuinuliwa tena.

NCHI NA MABOMA

Kama mnayo ramani ya Ulaya, itazameni. Kaskazini iko bahari ya Baltiki. Kusini iko milima. Upande wa magharibi wapita mto Oder, na upande wa mashariki wapita mto Vistula. Kati ya mito hiyo miwili uko mto mwingine, Warta, unaoingia katika Oder. Nchi ya Warta ni tambarare, ina maziwa madogo mengi, na zamani hizo ilikuwa na misitu mikubwa. Watu wake walikuwa Waslavi. Walilima nafaka, walifuga ng'ombe na nguruwe, walivua samaki, walirina asali msituni. Hawakuwa na maandishi. Kila jamii ilikuwa na wakubwa wake na boma lake la miti na udongo, ambamo watu walikimbilia wakati wa hatari.

Ukoo uliotawala nchi hiyo uliitwa baadaye ukoo wa Piast. Hadithi ya mwanzo wake iliandikwa karibu na mwaka 1115 na mtawa mgeni ambaye jina lake halijulikani, naye watu humwita Gallus. Yeye asimulia kwamba Piast alikuwa mkulima maskini karibu na Gniezno. Siku moja wageni wawili walifukuzwa mlangoni kwa mtawala tajiri aliyeitwa Popiel, wakaenda kwa Piast. Maskini yule akawakaribisha kwa chakula kidogo alichokuwa nacho, na chakula kile kikaongezeka hata kikawatosha majirani wote, na mtawala mwenyewe akaalikwa. Mwana wa Piast, Siemowit, ndiye aliyepewa utawala baadaye, na Popiel akafukuzwa, akaliwa na panya.

Hadithi ni nzuri, na yafundisha ukarimu. Lakini udongo una habari nyingine. Wataalamu wa mambo ya kale wameyachimba maboma ya nchi ya Warta, wakazipata nguzo za mwaloni zilizokuwa ndani ya kuta. Shina la mti likikatwa huonekana miviringo ndani yake, mmoja kwa kila mwaka wa kukua. Kwa kuihesabu miviringo hiyo na kuilinganisha, huweza kujulikana mwaka mti ulipokatwa. Basi, imejulikana kwamba karibu na mwaka 940, katika muda mfupi sana, maboma mengi ya zamani yalichomwa moto yakaachwa. Wakati huo huo yakajengwa maboma mapya makubwa kuliko yote yaliyotangulia, kama Gniezno, Poznań, na Ostrów Lednicki, lililo kisiwani katika ziwa Lednica. Boma la Giecz, lililokuwako tangu zamani, likaongezwa nguvu.

Kuta za maboma hayo zilikuwa na upana wa zaidi ya mita 10 kwa chini, zote za magogo yaliyopangwa kwa tabaka na kujazwa udongo na mawe. Kazi kama hiyo haimalizwi na ukoo mmoja kwa mikono yake. Yataka maelfu ya watu wa kukata miti, kukokota na kuchimba, na yataka mtu wa kuwaamuru. Kwa hiyo twaona kwamba ukoo huu haukupewa nchi kwa sababu ya karamu. Uliwashinda majirani zake mmoja mmoja, ukachoma maboma yao, ukawatia watu katika kazi.

Na mali je, ilitoka wapi? Katika udongo wa Polandi yamefukuliwa mafungu mengi ya dirhamu, yaani sarafu za fedha zenye maandishi ya Kiarabu, ambazo nyingi zilipigwa katika miji ya Asia ya kati kama Samarkand na Bukhara. Fedha hiyo ilikuja kwa biashara ya ngozi za wanyama, nta, na wanadamu. Waarabu waliwaita Waslavi kwa jina la Saqaliba, na katika mji wa Cordoba huko Hispania walikuwako watumwa na askari wengi wa jina hilo. Hata leo, katika lugha kadhaa za Ulaya, neno la mtumwa latokana na jina la Waslavi. Mateka wa vita walikuwa mali, na mali hiyo iliwalipa askari wa kuteka mateka wengine.

MIESZKO NA WATU WAKE WENYE DERAYA

Mtawala wa kwanza ambaye twamjua kwa hakika ni Mieszko. Jina hili hutamkwa kama Myeshko. Alianza kutawala karibu na mwaka 960. Babu yake na baba yake twawajua kwa majina tu, kwa kuwa Gallus aliyataja. Lakini Mieszko aliandikwa na watu walioishi wakati wake.

Mmoja wao alikuwa Ibrahim ibn Yaqub, Myahudi wa Tortosa huko Hispania, aliyesafiri Ulaya ya kati karibu na mwaka 965 akaandika kwa Kiarabu. Habari zake zimehifadhiwa katika kitabu cha al-Bakri wa Cordoba. Ibrahim asema nchi ya Mieszko ina chakula tele, nyama na asali. Kisha asema Mieszko ana watu 3,000 wenye deraya. Nasi Waswahili neno hilo twalijua, maana deraya yetu, vazi la chuma la vita, yatokana na Kiarabu hicho hicho alichokiandika Ibrahim.

Sikilizeni jinsi alivyowatunza. Aliwapa nguo, farasi na silaha, na kila mwezi mshahara. Mtu wake mmoja akipata mtoto, wa kiume au wa kike, Mieszko aliamuru mtoto naye apewe posho tangu siku ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume akiwa mtu mzima, Mieszko alimwoza mke na kumlipia mahari kwa baba wa msichana. Kwa hiyo askari hakuwa na baba mwingine ila mtawala wake. Hakutegemea ukoo wake wala kijiji chake.

Hapo ndipo ilipo siri ya nguvu ya Mieszko, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa dola yake. Hebu tufanye hesabu. Watu 3,000, pamoja na wake zao, watoto wao na farasi wao, wote wala kwa mtu mmoja. Wakulima wa Warta peke yao walikuwa hawatoshi kuwalisha. Ilikuwa lazima kupata nchi mpya, mateka wapya na kodi mpya. Dola ya namna hiyo ni kama mtu anayeendesha baiskeli, kwamba akisimama huanguka.

UBATIZO WA MWAKA 966

Upande wa magharibi Mieszko alikutana na watu wenye nguvu kuliko yeye. Hao walikuwa Wajerumani, ambao mfalme wao Otto wa Kwanza alitiwa taji la Kaisari huko Roma mwaka 962. Mwaka 963 mkuu mmoja wa Kisaksoni, Wichmann, akiwaongoza Waslavi wengine waliokuwa adui wa Mieszko, alimpiga mara mbili. Mieszko akaona kwamba amezungukwa. Waslavi wa magharibi na Wajerumani walikuwa mbele yake, na Wacheki wa Bohemia walikuwa kusini, tena Wacheki walikuwa rafiki wa hao Waslavi.

Akafanya jambo la busara. Mwaka 965 alimwoa Dobrawa, binti wa Boleslav, mtawala wa Bohemia. Wacheki walikwisha kuwa Wakristo. Mwaka 966 Mieszko naye akabatizwa, na mwaka 968 nchi yake ikapata askofu wake wa kwanza, Jordan. Sitasema kwamba alibatizwa kwa hila tu, maana moyo wa mtu hatuwezi kuufungua tukautazama. Lakini faida zilizofuata twaziona. Urafiki wa Wacheki na adui zake ulikatika. Mwaka 967, akiwa na askari wa baba mkwe wake, alimshinda Wichmann, naye Wichmann akauawa. Tangu hapo hakuna mkuu wa Kijerumani aliyeweza kusema kwamba ampiga Mieszko kwa sababu ni mpagani.

Pamoja na padre ilikuja kalamu. Walikuja watu wajuao kusoma na kuandika Kilatini, wakaweza kupeleka barua kwa Papa na kwa Kaisari, na kuhesabu siku na miaka. Hadi hapo dola ilikuwa ndani ya kichwa cha mtawala na mikononi mwa askari wake. Sasa ilianza kuwako katika karatasi za wengine pia.

Msidhani kwamba Mieszko alikuwa huru kabisa. Alimlipa Kaisari kodi kwa sehemu ya nchi yake, mpaka mto Warta. Mwaka 972 mkuu mwingine wa Kisaksoni, Hodo, alimwendea kwa vita, na Mieszko pamoja na ndugu yake Czcibor wakamshinda huko Cedynia karibu na mto Oder. Lakini baada ya ushindi huo Kaisari aliwaita wote wawili, na Mieszko akalazimika kumtoa mwanawe Bolesław awe rehani. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Mnaona jinsi mtu aweza kushinda vita, na bado akamtoa mwanawe.

Dobrawa alifariki mwaka 977. Mieszko akamwoa Oda, binti wa mkuu wa Kijerumani, ambaye alikuwa mtawa. Karibu na mwaka 991, alipokuwa mzee, akaandikisha hati ya kuiweka nchi yake chini ya ulinzi wa Papa wa Roma. Ndani ya hati hiyo, ambayo twayo muhtasari wake tu, mipaka yatajwa upande kwa upande: bahari, nchi ya Waprusi, nchi ya Warusi, Kraków, mto Oder. Lakini jina la Polandi halimo. Nchi yaitwa kwa jina la boma lake kuu tu. Mieszko alifariki tarehe 25 Mei 992, akiacha nchi kubwa ambayo bado haikuwa na jina.

BOLESŁAW, ALIYEITWA SHUJAA

Yule mtoto aliyetolewa rehani ndiye aliyetawala baada yake. Mara baba yake alipofariki alimfukuza mama wa kambo Oda pamoja na wadogo zake, ili nchi isigawanywe. Wapolandi humwita Bolesław Chrobry, yaani Bolesław Shujaa.

Siku zake alikuja kwake askofu wa Prague, Adalbert, ambaye Wapolandi humwita Wojciech. Mtu huyu alikuwa na bidii ya kuhubiri. Katika milango ya shaba ya kanisa kuu la Gniezno, iliyotengenezwa katika karne ya 12, ameonyeshwa akimwomba mtawala wa Bohemia awaache huru watumwa. Bolesław alimpeleka awahubirie Waprusi, na tarehe 23 Aprili 997 Waprusi wakamwua. Bolesław akaununua mwili wake, na yasimuliwa kwamba alilipa dhahabu yenye uzito sawa na mwili wenyewe. Akauzika Gniezno. Baada ya muda mfupi Papa akamtangaza Adalbert kuwa mtakatifu.

Mwaka 1000 Kaisari Otto wa Tatu, kijana aliyekuwa amempenda Adalbert, alifunga safari mpaka Gniezno kuhiji kaburini. Bolesław alimpokea kwa fahari kubwa. Gallus asema Kaisari alishangaa, akavua taji lake akamwekea Bolesław kichwani kwa ishara ya urafiki. Akampa mfano wa mkuki wa Mtakatifu Maurice, na Bolesław akampa Kaisari mkono wa Mtakatifu Adalbert. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa lingine. Siku hizo Gniezno ilipewa askofu mkuu wake, Gaudentius, ndugu wa Adalbert, na chini yake maaskofu wa Kraków, Wrocław na Kołobrzeg. Maana yake ni kwamba kanisa la nchi hiyo halikuwa tena chini ya askofu mkuu wa Kijerumani. Nchi ilipata kiti chake yenyewe.

Wakati wa Bolesław ndipo jina lenyewe laonekana pia. Kwenye sarafu yake moja ya fedha yasomeka kwa Kilatini kwamba yeye ni mtawala wa Polonia. Basi nchi ikawa na jina, na kaburi la mtakatifu, na kiti cha askofu mkuu. Wekeni mambo haya matatu akilini, tutayarudia.

Otto alikufa mwaka 1002 angali kijana, na urafiki ukaisha. Kaisari aliyefuata, Henry wa Pili, alipigana na Bolesław kwa vipindi mpaka amani ya Bautzen mwaka 1018. Katika miaka hiyo Bolesław aliingia Prague mwaka 1003 akafukuzwa mwaka uliofuata. Mwaka 1018 aliingia hata Kyiv, mji mkuu wa Warusi, akarudi na mali na mateka wengi. Gallus aandika kwamba alikuwa na watu wenye deraya 1,300 kutoka Poznań, 1,500 kutoka Gniezno, 800 kutoka Włocławek, na 300 kutoka Giecz, licha ya wenye ngao waliofika 13,000. Hata kama mwandishi ametia chumvi, twaona kwamba mzigo ulizidi tangu siku za Mieszko.

Na watu wa chini je? Askofu mmoja Mjerumani wa wakati ule, Thietmar wa Merseburg, aandika kwamba katika nchi ya Bolesław mtu aliyekula nyama siku za mfungo aling'olewa meno. Thietmar alikuwa adui wa Bolesław, tusisahau, lakini habari hii aliitaja kwa kuisifu, si kwa kuilaumu. Kwa hiyo mkulima wa Warta alijenga boma kwa amri, alitoa kodi kwa amri, na sasa alifunga kwa amri.

Mwaka 1025 Bolesław alitiwa taji, akawa mfalme wa kwanza wa Polandi. Tarehe 17 Juni mwaka huo huo akafariki. Waswahili husema, ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ngoma ya Bolesław ilipasuka mikononi mwa mwanawe.

DOLA YAVUNJIKA

Mwanawe, Mieszko wa Pili, hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu, akijua Kilatini na hata Kiyunani, na mkewe Richeza alikuwa mpwa wa Kaisari Otto wa Tatu. Alitiwa taji Krismasi ya mwaka 1025. Lakini alirithi maadui kila upande, na ndugu zake walikuwa na uchungu. Mkubwa wao, Bezprym, alikuwa amerukwa katika urithi.

Mwaka 1031 Kaisari Conrad wa Pili alimpiga kutoka magharibi, na Yaroslav wa Kyiv akampiga kutoka mashariki. Mieszko akakimbia. Bezprym akakaa mahali pake, na taji likapelekwa kwa Kaisari. Mwaka 1032 Bezprym akauawa. Mieszko akarudi, lakini mwaka 1033 alilazimika kuliacha jina la mfalme, na tarehe 10 Mei 1034 akafa.

Sasa yule mwenye baiskeli alisimama. Nchi za nje zilizotekwa zilikwisha kuchukuliwa na wenyewe. Mateka hawakuja tena, wala fedha. Lakini askari na wakubwa walitaka kula kama zamani, na mzigo wote ukawaangukia wakulima wa nyumbani. Ndipo moto ulipowaka. Gallus asimulia kwamba watumwa waliwaondokea mabwana zao, na maaskofu na mapadre wakauawa, wengine kwa upanga na wengine kwa mawe. Wengi waliiacha dini mpya. Katika nchi ya Mazovia mtu mmoja aliyeitwa Miecław, aliyekuwa mtumishi wa mfalme, akajifanya mtawala.

Tusiwahukumu waasi hao upesi. Wao hawakuandika kitabu, na kila tunalojua juu yao tumelipata kwa watu waliowachukia. Baba zao walichomewa maboma. Wao wenyewe waliishi vizazi vitatu chini ya amri.

Lakini nchi iliyogawanyika humwita jirani. Karibu na mwaka 1039 Bretislav, mtawala wa Bohemia, aliingia na jeshi. Gniezno haikuweza kujilinda. Wacheki wakayachukua masalio ya Mtakatifu Adalbert pamoja na hazina za kanisa, wakaenda navyo Prague. Watu wa boma la Giecz walihamishwa pamoja na wake zao, watoto wao na mifugo yao mpaka Bohemia. Waasi walitaka kutua mzigo, na wengi wao wakaishia kubeba mzigo wa mgeni. Gallus asema wanyama wa mwituni walifanya malalo yao ndani ya kanisa la Mtakatifu Adalbert.

KAZIMIERZ AINUA

Mwana wa Mieszko wa Pili aliitwa Kazimierz. Alizaliwa mwaka 1016. Wakati wa machafuko alikimbilia Hungaria, kisha akaenda Ujerumani kwa mama yake. Gallus asema mama alimsihi akae naye, aridhike na urithi wa upande wa mama, asiende katika nchi isiyo na shukrani. Naye Kaisari alimwahidi nchi ya kutawala huko huko. Kazimierz akakataa. Akaondoka na askari 500, akaingia Polandi.

Mfalme wa Ujerumani, Henry wa Tatu, hakumsaidia kwa huruma tu. Aliona Bretislav wa Bohemia amekuwa mkubwa mno, akataka wa kumsawazisha. Hivyo ndivyo mambo ya dola yaendavyo. Kazimierz alilijua hilo, akalitumia. Akamwoa Dobroniega, dada wa Yaroslav wa Kyiv, na adui wa mashariki akawa shemeji. Kwa msaada huo alimshinda Miecław mwaka 1047. Mwaka 1050 alizitwaa tena nchi za Silesia kutoka kwa Wacheki, na mwaka 1054 akakubali kuwalipa kodi ili abaki nazo. Gniezno na Poznań zilikuwa magofu, basi akaweka makao yake Kraków. Yaelekea kwamba badala ya kuwalisha askari wote mwenyewe, kama babu zake, alianza kuwapa wakubwa ardhi wajilishe. Hakutafuta taji. Alifariki mwaka 1058, na Wapolandi humwita Kazimierz Mrejeshaji. Mwaka 1076 mwanawe, Bolesław wa Pili, alitiwa taji la mfalme, na kiti cha askofu mkuu wa Gniezno kilikuwa kimesimamishwa tena.

KILICHOBAKI

Basi turudi kwa swali letu. Mwaka 1039 kilibaki nini? Maboma yaliungua. Watu wenye deraya walitawanyika. Fedha iliisha. Taji lilikuwa Ujerumani. Hata mifupa ya mtakatifu ilikuwa Prague. Vyote vilivyojengwa kwa nguvu vilianguka katika muda wa miaka kumi isiyozidi.

Lakini jina lilibaki. Watu wa Kyiv, wa Ujerumani na wa Hungaria walijua kwamba kati ya Oder na Vistula iko nchi iitwayo Polonia, na kwamba yuko mtu mwenye haki ya kuitawala. Haki ya Gniezno ya kuwa na askofu mkuu nayo ilibaki, kwa kuwa ilikwisha kuandikwa. Udugu wa ndoa pia ulibaki. Vitu hivyo haviwezi kuchomwa moto wala kupakiwa garini. Kazimierz hakurudi na askari 500 kuanza mwanzo. Alirudi kudai kitu ambacho kila mtu alikwisha kujua kuwa kipo.

Tusiseme kwamba nguvu haina kazi. Bila maboma ya mwaka 940 pasingekuwa na kitu cha kupewa jina. Ila Mieszko, Bolesław na Kazimierz watufundisha kwamba nguvu huanzisha dola, na kinachoidumisha ni yale wanayoyakubali watu wa ndani na majirani wa nje. Na watufundisha kwamba mwenye kuusahau mzigo wa mkulima ajenga nyumba juu ya kuni kavu. Wale mama wa Tengeru waliowafundisha watoto kuandika jina la nchi yao, wakati nchi yenyewe ilikuwa chini ya wengine, walilijua somo hili vizuri.

MASWALI

1. Mieszko alipata faida gani kwa ubatizo wa mwaka 966, na nchi yake ilipata nini kipya?

2. Kwa nini dola yenye askari wengi wa kulipwa ilikuwa lazima ipigane daima? Ni nini kilichotokea ilipoacha kushinda?

3. Waasi wa miaka ya 1030 walikuwa na haki ya kuasi? Kila mtu na atoe sababu zake, na wengine wamsikilize mpaka amalize.